Mkate wa Ufuta wa Sayari Nyengine

Walitaka karamu ya watu wasiokuwa wa dunia hii. Ndivyo binti yangu alivyonisomea kwenye simu yake, tumesimama jikoni kwetu Peckham, mimi mikono imejaa unga. Jiko letu liko chini ya reli, kwenye yale matao ya matofali, na treni ikipita juu vifuniko vya masufuria hutetemeka. Nikamwambia asubiri treni ipite, kisha asome tena.

"Chakula cha kuliwa au cha kutazamwa?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni vyote viwili. Ni ile tamthilia ya chombo cha angani, ile inayoonyeshwa tangu yeye hajazaliwa. Wanatengeneza kipindi maalumu cha kuadhimisha umri wake. Kuna pahala wasafiri wa chombo wanafika kwenye sayari ya wazee, wanakaribishwa kula. Sasa wanamtafuta mpishi ambaye chakula chake Mwingereza hatakitambua mara moja.

Nikacheka. Sikucheka kwa dharau. Nilicheka kwa sababu nyumbani kwangu kuna mtu ambaye akisikia habari hii hatolala.

Mimi sikusoma, na sioni haya kulisema. Skuli niliingia, nikatolewa kabla sijaweza kuandika barua ikasomeka. Kupika nilifunzwa na mama yangu huko Pemba, naye alikuwa mtu wa kukupiga mwiko wa vidole ukiunguza. London nilifika na koti la kuazima. Nimefagia maofisi ya Croydon, nimefua mashuka ya wazee wa watu, nimeuza sambusa mlangoni mwa harusi ambazo sikualikwa. Leo nina jiko langu, nina gari langu la kupelekea chakula, na nina wafanyakazi wanaoniogopa kiasi kinachotosha. Hakuna aliyenipa. Watu wa filamu nilianza kuwalisha baada ya mmoja wao kula pilau yangu kwenye harusi ya Mhindi wa Nairobi, akanifuata mpaka kwenye gari na sahani mkononi. Watu wale hula sana na husema sana. Ukiwalisha vizuri, wote wanajua. Ukiwaudhi, wote wanajua vilevile, tena upesi zaidi.

Mwenye wazimu wa tamthilia ile ni mume wangu. Mwaka wetu wa kwanza tuliishi chumba kimoja Lewisham, na tivii ya mwenye nyumba iliyokuwa ikipigwa kofi ndiyo ionyeshe. Jumamosi jioni alikaa mbele yake na sahani ya wali mapajani, akitazama kile chombo kilichopotea njia ya kwao. Kila wiki wanatua pahala pageni, wanatazamwa kwa jicho la pembeni, wanaomba maji, wanauliza njia.

"Hawa watu ni kama sisi," aliniambia siku moja.

"Hawa wana chombo chao," nikamwambia. "Sisi hata baiskeli hatuna."

Lakini Kiingereza chake alikipata kwa kapteni wa kwanza wa chombo kile. Alipopata kazi ya kuendesha basi, aliwaambia abiria washikilie imara, tunaondoka, kwa sauti ileile ya kapteni, na mabibi wa Lewisham walikuwa wakimcheka. Aliendesha mpaka alipostaafu. Kazi nzuri ya halali, siisemi vibaya. Ila niliwahi kupanda basi lake mara nyingi, nikakaa kiti cha mbele nikawatazama watu wanavyoingia. Wanagusisha kadi, wanapita. Macho yako kwenye simu, yako nje, yako kwa mtoto. Yule aliye nyuma ya kioo hakuna anayemtazama. Na huko Wete ana kaka yake mkubwa ambaye kila wanaposemezana humuuliza swali lilelile: "Hivi wewe huko, hasa hasa, unafanya nini?"

Basi nilipompa habari ya karamu, alikaa kitako kwenye ngazi. Na haikuishia hapo. Wale watu walikuwa wanatafuta pia wazee wa kukaa mezani, nyuso zenye umri, za kila rangi. Binti yangu akapeleka picha ya baba yake bila kuniuliza. Wakamtaka, na ndevu zake wakazipenda.

Siku ileile akampelekea kaka yake ujumbe wa sauti, nami niko jikoni nasikia. "Kaka, nitaonekana kwenye tivii. Nchi nzima hii itaniona. Utaletewa kwenye simu, uniangalie." Akamwambia kinyozi. Akawaambia wenzake msikitini. Nikamwambia, "Bwana, subiri kwanza." Akasema amesubiri vya kutosha.

Wiki ile dairekta, mwongozaji wa kipindi, akaja jikoni kuonja. Nilitegemea mwanamme wa makamo mwenye skafu. Akaja mwanamke mdogo kwangu sana, viatu vya matope, macho ya mtu asiyelala, adabu zake nzuri. Alikula kila nilichomwekea. Visheti alivipenda, kachori alizipenda, kisha akafika kwenye mkate wa ufuta. Aliushika kwa mikono miwili, akaugeuza, akautazama ule uso wake wa ufuta ulioiva. Akasema umefanana na mwezi. Nikamwambia ndiyo, ila mwezi hauna tui la nazi.

Halafu akatueleza tukio lenyewe. Meza ndefu, wazee wamekaa, kapteni wa kwanza amerudi naye ni mzee, anakula pamoja nao. Mara askari wanavamia. Meza inapinduliwa. Watu wanakimbia, wanakanyaga chakula, kapteni anabaki katikati ya uharibifu ule.

"Hapana," nikasema.

Binti yangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Samahani?" dairekta akauliza.

"Chakula changu hakikanyagwi."

"Ni mchezo tu, mama. Sio kweli."

"Mchezo ni wako. Mkate ni wa kweli, nimeuumua leo asubuhi kwa mkono wangu."

Akanieleza kwa upole kwamba tukio lenyewe ndilo linaloonyesha ubaya wa wale askari. Mtazamaji aone kitu kizuri kinaharibiwa, aumie. Nikamwambia nimefahamu vizuri, na sababu yake ni nzuri, na jawabu langu ni lilelile. Kwetu kipande cha mkate kikianguka njiani, mtu anasimama, anakiokota, anakibusu, anakiweka juu ukutani ili ndege wale. Hata mtoto mdogo anajua. Sasa mimi nipike meza nzima ili watu waipite kwa viatu? Treni ikapita juu, vifuniko vikatetemeka.

"Wapo wapishi wengine," dairekta akasema. Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa anafikiri kwa sauti.

"Wapo," nikasema. "Nitakupa namba zao."

Alipoondoka binti yangu alinisema kwa Kiingereza mpaka akaishiwa. Kwamba nimekitia mchanga kitumbua changu mwenyewe, kwamba watu wa filamu wanaambiana, kwamba sikufikiri hata kidogo habari ya baba yake. Hilo la mwisho lilinipata, lakini sikumwonyesha.

Jioni nyumbani mume wangu alikuwa ameshapata habari. Alikuwa amesimama sebuleni, koti bado amelivaa.

"Umenitoa kwenye chombo," akasema.

"Sijakutoa. Wewe umeitwa kwa ndevu zako, mimi nimeitwa kwa mkono wangu."

"Wataona ni nyumba moja yenye ugomvi, watatafuta mzee mwengine. Mke wangu, ni siku moja tu. Ni mchezo!"

"Wewe ungeukanyaga mkate wangu?"

Akavua koti. Akalitundika, likaanguka, akalitundika tena.

"Ningeuruka," akasema.

Nilitaka kucheka nikajizuia, maana uso wake haukuwa wa kuchekwa. Alikuwa ameshamwambia kaka yake. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Mtu mzima amejitangaza, halafu arudi kusema imekuwa sivyo. Siku zile tivii hakuifungua. Nami sikurudi nyuma, kwa sababu kama ningerudi nyuma ningepika kwa kinyongo, na chakula cha kinyongo mimi sijakitoa jikoni kwangu tangu nianze kazi.

Dairekta akapiga simu mwenyewe, sio kupitia kwa binti yangu. Akasema amelifikiria. Chakula changu kitaliwa, tena kitapigwa picha kikiliwa. Kabla meza haijapinduliwa watakiondoa, watapanga cha bandia, cha sponji na rangi, walichotengeneza mafundi wao. "Tumekubaliana, mama?" Nikamwambia tumekubaliana, na kwamba nitampikia yeye sahani yake mbali, kwa sababu anaonekana hali vizuri.

Siku ya kazi tulikwenda Croydon, kwenye jengo la ofisi lililohamwa, njia ya tramu iko mbele ya mlango. Mtaa wa nyuma kule ndiko nilikopanga foleni ya uhamiaji nikiwa kijana, na mtoto mgongoni. Safari hii niliingia na gari langu, mlinzi akanifungulia geti. Ndani wamegeuza ghorofa zima kuwa ukumbi wa mawe. Nilipiga jiwe kwa kidole, likalia kama sanduku la karatasi.

Mume wangu walimpaka uso rangi ya majivu, mikono vilevile, wakamvika joho lenye kofia refu. Kabla hawajamgusa alikuwa ameuliza kama rangi inatoka kwa maji, kwa ajili ya udhu. Wakamwambia inatoka. Akauliza tena kuhakikisha. Alipotoka chumba cha kupakwa, mimi mwenyewe nilimpita.

"Yakhe," akaniita kwa sauti ya chini, "ni mimi."

"Najua. Nani mwengine anatembea kama ana basi mgongoni?"

Kisha kapteni akaingia. Yule wa kwanza. Niliyemjua ana nywele nyeusi na kifua mbele, sasa anatembea kwa mkongojo, msichana amemshika kiwiko. Akakaa mezani, kiti cha tatu kutoka kwa mume wangu. Mume wangu, mtu aliyewasemesha abiria wa Lewisham nzima, alikauka. Kapteni akamsalimia, naye akatikisa kichwa tu. Kapteni akavunja mkate wangu, akala, akanigeukia mimi niliyesimama pembeni na kitambaa begani, akauliza huu ni mkate gani. Nikamwambia. Akasema amefanya tamthilia hii umri wake wote na hii ndiyo mara ya kwanza chakula cha sayari nyengine kulika. Akaomba mwengine. Mume wangu ndiye aliyempa, kwa mkono wake wa majivu.

Waliipiga picha ile karamu vizuri. Wakala kweli. Baadaye wakasimamisha kazi, mafundi wakaja kubadilisha meza, nami nikakusanya masufuria yangu nyuma. Sikurudi kuangalia meza. Makubaliano ni makubaliano.

Dairekta akatoa ishara. Askari wakaingia na mavazi yao ya plastiki, kelele juu, meza ikapinduliwa.

Sponji ikianguka haina kishindo. Nilisikia vishindo. Nikatazama, nikaona mkate wangu unabingirika kwenye sakafu, na mwengine nyuma yake, ufuta unamwagika. Wazee wakanyanyuka, wakakimbia kama walivyoelekezwa, na mimi mdomo wazi siwezi kupiga ukelele kwa sababu kamera zinafanya kazi na mume wangu yumo ndani ya picha yake aliyoingoja.

Naye akakimbia hatua chache na wenzake. Akauona. Akasimama.

Watu wanamgonga mabegani, yeye akainama. Akauokota ule mkate, akaupuliza, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, akauweka juu kwenye lile jiwe la bandia, pahala pa kufikiwa na ndege ambao hawapo. Halafu ndipo akakumbuka alipo. Akabaki ameduwaa, joho limempanda, katikati ya ukumbi mtupu na kapteni anamtazama.

"Simamisha!" dairekta akapiga kelele. Akaja mbio. "Mzee, kwa nini umesimama? Kwa nini umefanya vile?"

Mume wangu akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Ni mkate," akasema.

Dairekta akainama, akashika mmoja uliokuwa sakafuni, akaubonyeza. Akageuka kuwatazama mafundi. Mmoja akakiri kwamba ile ya sponji ilionekana imekufa mbele ya taa, basi akachanganya na ya kweli ili meza ipendeze. Alidhani ni jambo dogo. Dairekta alikuja mpaka nilipo, akaniomba radhi mbele ya watu wote, hakuzunguka. Hapo nikamheshimu.

"Okoteni," nikasema.

Wakaokota. Askari wale na silaha zao za plastiki wameinama, mafundi wameinama, dairekta ameinama, na kapteni kwa mkongojo wake akaokota mmoja uliokuwa karibu na mguu wake. Kisha meza ikapangwa upya, sponji tupu, nikaikagua mwenyewe kwa kidole. Wakarudia. Safari hii mume wangu alikimbia kama alivyoambiwa, hakutazama chini.

Kwenye gari akaniambia, "Nimeiharibu."

"Umeirudia ukaipata."

"Ile ya pili nilikuwa nyuma ya yule mrefu. Hakuna atakayeniona." Akachungulia nje mpaka tukafika Lewisham, rangi ya majivu bado imembakia masikioni.

Kilipofika kipindi chenyewe, wakati wa baridi, sala ya magharibi ilikuwa imeshapita zamani na nyumba yetu imejaa. Nilimwambia asiwaite watu, akawaita. Wamekaa kwenye makochi, wamekaa chini, viatu vimefunga mlango. Binti yangu ameshika simu yake juu ili arikodi kwa ajili ya Wete. Mume wangu kavaa kanzu mpya, amekaa kiti cha kando, sio cha kati. Alikuwa na hofu, na mimi peke yangu ndiye niliyeijua hofu ile ni ya nini.

Chombo kikaja. Muziki ukapigwa. Wazee wa sayari wakaonekana kwa mbali, majoho yote sawa, nyuso zote za majivu. "Yupi wewe?" watu wakauliza. Akaonyesha, kamera ikaondoka. Mkate wangu ukaonekana waziwazi ukivunjwa, wanawake wakapiga vigelegele. Askari wakavamia. Meza ikaenda juu. Miguu ikapita, miguu, miguu, na yule mrefu mbele yake. Nikamwona mume wangu anashusha mabega.

Halafu kelele zote zikakatwa. Mkono wa majivu ukashuka, ukaokota mkate. Ukaonekana mgongo, kofia la joho, kichwa kinainama. Mkate ukapulizwa, ukabusiwa, ukapanda kwenye paji la uso, ukawekwa juu ya jiwe. Uso haukuonekana hata kidogo. Kisha kapteni, anautazama ule mkate pale juu, na kipindi kikaendelea.

"Sura haikuonekana," mume wangu akasema taratibu.

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu wote walikuwa wakimpigia kelele kwa pamoja. Wengine wanampiga mgongoni. Bibi mmoja jirani, wa Unguja, anafuta macho na mtandio na huku anamtukana: "Zee zima wewe, umeniliza bure!" Simu zikaanza kulia. Akawa anaitikia hii anaacha ile.

Ujumbe wa Wete ulikuja mwisho, sauti ya kaka yake, na nyuma yake watu wengi wanazungumza. Mume wangu akaufungulia sauti ya juu ili tusikie.

"Ewe! Tumekuona! Wajukuu hapa wananibishia, wananiambia babu, umejuaje ni yeye na uso wenyewe haupo? Nikawaambia, mtu gani wa sayari gani anaokota mkate vile? Huyo ni mdogo wangu, namjua, kalelewa nyumba hii." Akakohoa. "Basi. Tumekuona."

Mume wangu akaurudisha ujumbe mwanzo akausikiliza tena, simu ameibana sikioni ijapokuwa sote tulikuwa tunausikia. Akaurudisha tena. Mimi nikaenda jikoni kukata mikate iliyobaki, maana nyumba ilikuwa na watu na hakuna aliyekuwa amekula.